Polima zenye monoma mbili: kaboni monoksaidi na haidrokaboni za pete

Watahiniwa wengi huingia kwenye chumba cha mtihani na kanuni moja ya polima ambayo si kweli: kwamba polima inayotokana na monoma ya aina moja ni ya nyongeza, na inayotokana na monoma za aina mbili ni ya kondensesheni. Kanuni hiyo hukaa kichwani kwa sababu mifano ya darasani huiunga mkono. Politheni hutokana na etheni peke yake. PVC hutokana na kloroetheni peke yake. Nailoni hutokana na monoma mbili. Ukiulizwa juu ya hizo tatu, kanuni itakupa alama. Ukiletewa polima ambayo hujawahi kuisikia, ndipo itakapokuangusha.

Polima ya namna hiyo ndiyo tunayoichambua hapa. Hutengenezwa kwa kuunganisha gesi ya kaboni monoksaidi, CO, na haidrokaboni yenye bondi maradufu, hasa zile ambazo atomu zake za kaboni zimejifunga kuwa pete. Kazi hiyo hufanyika kwa msaada wa kichocheo cha metali, na metali inayoiweza vizuri zaidi ni paladiamu. Hutakiwi kukariri jina la polima hii. Unachotakiwa ni kuweza kuifikiria kwa maarifa uliyo nayo tayari ya alkeni, ya moli na ya vichocheo.

Monoma mbili, na hakuna kinachotoka

Tuanze na mfano mwepesi kabla ya kufika kwenye pete. Chukua etheni, C2H4, na CO. Kichocheo kikiziunganisha kwa zamu, moja ya hii na moja ya ile, tunapata:

n C2H4 + n CO → –[CH2–CH2–CO]n–

Hesabu atomu za kushoto, kisha za kulia. Kila atomu iliyoingia imo ndani ya mnyororo. Hakuna maji yaliyotoka, hakuna haidrojeni kloraidi iliyotoka, hakuna chochote kilichopotea. Huu ni upolimishaji wa nyongeza ingawa monoma ni mbili. Katika nailoni hali ni tofauti: kila asidi inapoungana na amini, molekuli moja ya maji hutoka, na hiyo ndiyo sababu ya kuitwa kondensesheni. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "monoma ni ngapi?" bali "kuna molekuli ndogo iliyotoka?" Jibu la swali hilo la pili halitakudanganya.

Kundi la C=O ambalo pande zote mbili limeshikwa na kaboni huitwa ketoni. Mnyororo huu una ketoni kila baada ya hatua chache, na kwa sababu hiyo polima za jamii hii huitwa poliketoni.

Sasa angalia masi. CO ni 12 + 16 = 28. Etheni ni 24 + 4 = 28. Zinalingana kabisa, kwa hiyo kipande kimoja kinachorudiwa kina masi ya 56, na nusu kamili ya plastiki hii kwa uzito ni gesi ya CO. Ni jambo la kushangaza kidogo: gesi ile ile inayoua watu katika vyumba vyenye jiko la mkaa imegeuka kuwa nusu ya kitu kigumu unachoweza kukishika mkononi bila madhara yoyote. (Naitrojeni, N2, nayo ni 28. Ukipewa gesi yenye masi ya moli 28 usikimbilie kuandika jina kabla ya kusoma swali lote.)

Kwa nini CO hushikamana na metali

Katika molekuli ya CO, atomu ya kaboni ina jozi pweke ya elektroni, yaani elektroni mbili zisizotumika kuishika oksijeni. Jozi hiyo hutafuta mahali pa kujiegemeza, na atomu nyingi za metali, hasa metali za mpito, zina nafasi ya kuipokea.

Hapo ndipo sumu yake inapotoka. Himoglobini ya damu ina ayoni ya chuma, na CO huishika kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu aliyelala chumba kilichofungwa na jiko la mkaa linalowaka ana oksijeni hewani, lakini damu yake haina tena nafasi ya kuibeba. CO haina rangi wala harufu, na mara nyingi mtu haamki. Ukiulizwa kwa nini ni hatari, usiandike "kwa sababu ni sumu" ukaishia hapo. Andika kwamba hushikamana na himoglobini na kuizuia kubeba oksijeni. Na ukiwa nyumbani, toa jiko nje.

Tabia hiyo hiyo imetumika viwandani kwa zaidi ya karne. Mwaka 1890 Ludwig Mond na wenzake walitangaza kwamba nikeli ikipashwa joto kidogo ndani ya CO hugeuka kuwa kampaundi inayotoka kama mvuke, Ni(CO)4. Ukiipasha moto zaidi huachana, na nikeli safi hubaki. Hivyo CO huibeba nikeli kutoka kwenye uchafu wake na kuiachia mahali pengine. Kumbuka jambo moja kutoka mfano huo: CO hushika metali, lakini ikipewa sababu huachia. Kichocheo kizuri hukihitaji kitendo hicho cha kushika na kuachia. Kitu kinachoshika tu bila kuachia huziba nafasi, na kazi husimama.

CO yenyewe si adimu. Kiwandani hupatikana kwa kupitisha methani na mvuke wa maji juu ya kichocheo cha nikeli katika jotoridi kubwa:

CH4 + H2O → CO + 3H2

Methani ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, kama ile inayochimbwa Songo Songo.

Pete iliyobanwa

Haidrokaboni za pete ni zile ambazo mnyororo wa kaboni umejifunga mwisho kwa mwanzo. Saiklohekseni, C6H10, ina pete ya kaboni sita na bondi maradufu moja. Saiklopenteni, C5H8, ina pete ya kaboni tano. Angalia kwamba fomula zake hazifuati CnH2n. Kila pete hugharimu haidrojeni mbili, kwa sababu ncha mbili za mnyororo zilizokuwa zikishika haidrojeni sasa zinashikana zenyewe. Mtahiniwa anayeona C6H10 na kuandika "ni alkaini" bila kufikiria amesahau kwamba pete nayo hupunguza haidrojeni.

Pete tutakayoitegemea zaidi inaitwa noboneni, C7H10. Ni kitu kigumu katika jotoridi la kawaida la chumba, kinachoyeyuka karibu na 45 °C. Ina kaboni saba. Chukua pete ya kaboni sita, kisha weka kaboni ya saba kama daraja juu yake, ikiunganisha kona mbili zinazotazamana. Pete ya chini hulazimika kujikunja kama mashua, na bondi maradufu hubaki upande mmoja. Hutengenezwa kwa kuunganisha etheni na saiklopentadayini, C5H6, inayopatikana kama zao la pembeni wakati naftha ya petroli inapopasuliwa kwa joto:

C5H6 + C2H4 → C7H10

Mmenyuko wa aina hii ulielezwa na Wajerumani wawili, Otto Diels na Kurt Alder, mwaka 1928, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Angalia tena: hakuna kilichotoka. Nao pia ni wa nyongeza.

Kwa nini noboneni na si saiklohekseni? Umefundishwa kwamba pembe inayozunguka kaboni yenye bondi maradufu ni 120°. Ndani ya noboneni, daraja lile huzibana kaboni hizo hadi pembe ya ndani ya pete ikawa takriban 107°. Hali hiyo huitwa mkazo. Fikiria upinde uliovutwa: nishati imo ndani yake, ikingoja kuachiwa. Bondi maradufu ikifunguka na kuwa bondi moja, kaboni hizo huhitaji pembe ya takriban 109.5° tu, ambayo iko karibu sana na ile waliyokwisha kulazimishwa kuwa nayo. Kwa hiyo kufunguka ni nafuu kwake. Saiklohekseni haina mkazo mkubwa kama huo. Imekaa vizuri, haina haraka, na kwa kawaida kichocheo hupata shida kuiingiza kwenye mnyororo.

Shika hili vizuri kwa sababu ndipo majibu mengi yanapoharibika: katika mmenyuko huu kinachofunguka ni bondi maradufu, si pete. Pete huingia kwenye mnyororo ikiwa nzima, pamoja na daraja lake. Tukiandika kwa ufupi:

n C7H10 + n CO → –[C7H10–CO]n–

Ukichora, chora pete nzima. Bondi maradufu iliyokuwa kati ya kaboni mbili iwe sasa bondi moja, na kila moja ya kaboni hizo mbili itoe mkono mmoja kwenda kwenye kundi la CO, mmoja kushoto na mmoja kulia. Mikono hiyo miwili hutoka upande mmoja wa pete, ule wenye daraja, kwa sababu kichocheo huikaribia noboneni kutoka upande huo ulio wazi zaidi.

Viti vinne vya paladiamu

Ukichanganya CO na noboneni kwenye chupa bila kitu kingine, utangoja bure. Kichocheo kinahitajika, na historia ya kukitafuta inafundisha kuliko orodha ya majina.

Katika miaka ya 1940 Walter Reppe, mkemia wa Ujerumani, alitumia kampaundi za nikeli na sianidi kuunganisha etheni na CO. Alipata bidhaa, lakini minyororo ilikuwa mifupi. Baadaye wengine walijaribu paladiamu, lakini kwa jotoridi na kanieneo kubwa mno kiasi kwamba gharama ilikuwa kikwazo. Mwaka 1982 Ayusman Sen na Ta-Wang Lai, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba ayoni za paladiamu zikiwa pamoja na fosfini, yaani molekuli zenye atomu ya fosforasi inayoweza kutoa jozi ya elektroni, huifanya kazi hiyo katika hali ya upole zaidi. Wakati huo huo hivi Eite Drent, katika maabara ya kampuni ya Shell mjini Amsterdam, alikuwa akishughulikia mmenyuko wa etheni, CO na methanoli. Alipotumia fosfini za kawaida alipata kimiminika chepesi, esta. Alipobadilisha na kuweka fosfini yenye atomu mbili za fosforasi zilizounganishwa kwa daraja la kaboni tatu, alipata polima, na kwa kasi kubwa.

Badiliko dogo namna hiyo lilileta tofauti gani?

Ayoni ya paladiamu, Pd2+, hupenda kuzungukwa na vitu vinne vilivyopangwa kama kona za mraba. Iite meza yenye viti vinne. Ili mnyororo ukue, kiti kimoja kikaliwe na ncha ya mnyororo, na kiti cha jirani yake kiwe wazi kwa ajili ya monoma inayofuata. Lazima viwe jirani. Mnyororo ukikaa kona moja na monoma ikakaa kona inayotazamana nayo, havitafikiana kamwe, maana paladiamu yenyewe iko katikati.

Fosfini mbili zisizounganishwa hupenda kukaa pande zinazotazamana, kwa sababu ni nene na zinapeana nafasi. Zikikaa hivyo, viti viwili vinavyobaki navyo vinatazamana. Lakini fosfini mbili zikifungwa pamoja kwa kamba fupi ya kaboni tatu haziwezi kufika pande mbili za meza. Hulazimika kukaa jirani, na hivyo viti viwili vilivyobaki navyo huwa jirani daima. Kwangu mimi huu ni mmoja wa mifano mizuri kabisa ya namna umbo la molekuli linavyoamua bidhaa itakayopatikana: metali ni ile ile, monoma ni zile zile, ila viti vimepangwa upya.

Jambo la pili ni ayoni hasi inayosindikiza Pd2+. Ukitumia kloraidi, yenyewe hukalia kiti na kukataa kuondoka. Kwa hiyo wataalamu hutumia ayoni kubwa zinazoshika kwa udhaifu, kama BF4⁻, ili kiti cha nne kiwe wazi kweli.

Kwa nini monoma hupishana bila kukosea

Katika chupa moja kuna CO nyingi na noboneni nyingi. Mtu angetegemea mnyororo wa ovyo: CO mbili hapa, noboneni tatu pale. Haiwi hivyo. Mnyororo hupishana kwa utaratibu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sababu ni mbili, na si za aina moja.

Ya kwanza: CO haifuati CO. Ncha ya mnyororo ikiwa tayari ni CO, kuongeza CO nyingine kando yake kungehitaji nishati badala ya kuitoa. Hata ikijaribu, hurudi ilikotoka. Hii ni sababu ya nishati.

Ya pili: noboneni haifuati noboneni, lakini si kwa sababu haiwezi. Kwa upande wa nishati ingeweza kabisa, na kama hakuna CO ndani ya chupa, vichocheo vya paladiamu huweza kutengeneza mnyororo wa noboneni tupu. Tatizo lake ni mashindano. Ncha ya mnyororo ikiwa ni noboneni, kiti cha jirani hugombaniwa na CO na noboneni nyingine. CO hushika paladiamu kwa nguvu zaidi, kama inavyoshika chuma cha damu, na tena huingia kwenye mnyororo haraka zaidi. Hivyo inashinda karibu kila mara. Hii ni sababu ya kasi.

Kwa hatua, R ikiwa ni mnyororo uliokwisha kujengwa:

Pd–R + CO → Pd–CO–R

Pd–CO–R + C7H10 → Pd–C7H10–CO–R

Kisha hatua ya kwanza hurudiwa. Angalia kwamba mnyororo hukua kutoka mizizini, mahali uliposhikwa na metali, kama nywele zinavyokua kutoka kichwani. Ncha ya mbali ndiyo kongwe.

Paladiamu mwanzoni na mwishoni mwa mzunguko ni ile ile, nayo haihesabiwi katika mlinganyo wa jumla. Ndiyo maana ni kichocheo na si kimenyukaji. Hebu tupime faida yake. Tuchukue kwamba kila atomu ya paladiamu inaunga vipande milioni moja vya etheni na CO kabla haijachoka. Moli moja ya paladiamu ni gramu 106. Vipande milioni moja vyenye masi ya 56 kila kimoja, kwa moli moja ya paladiamu, ni gramu 56,000,000, yaani tani 56. Metali ghali inayotoshea kwenye kiganja imetengeneza mzigo wa malori kadhaa. Mtu akiuliza kwa nini kiwanda kinanunua metali ya bei kama ya vito, hesabu hiyo ndiyo jibu.

Ilivyokwenda sokoni

Shell walianza kuiuza poliketoni ya etheni mwaka 1996 kwa jina la Carilon, wakiwa wameweka propeni kidogo ili kiwango cha kuyeyuka kishuke kutoka takriban 255 °C hadi karibu 220 °C na plastiki iweze kuumbwa bila kuungua. Ilikuwa ngumu, ilivumilia petroli na kusuguana, na ilifaa kwa gia na mabomba ya mafuta. Mwaka 2000 kampuni iliacha kuitengeneza. Kemia haikuwa imeshindwa, ila biashara ilikuwa imeamuliwa vingine. Miaka mingi baadaye kampuni ya Hyosung ya Korea Kusini iliifufua na kuiuza kwa jina la POKETONE. Polima za noboneni na CO zimebaki zaidi kwenye maabara.

Linganisha 220 °C hiyo na politheni, ambayo huyeyuka kati ya takriban 105 °C na 135 °C. Ukiulizwa sababu, usiseme "bondi za ndani ya mnyororo ni imara zaidi". Plastiki inapoyeyuka, bondi za ndani ya mnyororo hazikatiki. Kinachoshindwa ni mvuto kati ya mnyororo na mnyororo. Katika C=O, oksijeni huvuta elektroni upande wake na kuwa hasi kidogo, kaboni ikawa chanya kidogo, kwa hiyo minyororo ya jirani hushikana. Politheni haina kitu kama hicho.

Hesabu: ushahidi wa kupishana

Tumesema noboneni na CO hupishana. Mkemia hukubalije bila kuona kwa macho? Njia moja ni kupima elementi zilizomo.

Polima fulani iliyotengenezwa kutoka CO na noboneni ilionekana kuwa na kaboni 78.7%, haidrojeni 8.2% na oksijeni 13.1% kwa masi. Je, monoma zimepishana?

Gawanya kila asilimia kwa masi ya atomu: kaboni 78.7 ÷ 12 = 6.56, haidrojeni 8.2 ÷ 1 = 8.2, oksijeni 13.1 ÷ 16 = 0.82. Gawanya zote kwa ndogo kuliko zote, 0.82, upate 8 : 10 : 1. Fomula sahili ni C8H10O, ambayo ni C7H10 moja na CO moja. Uwiano ni moja kwa moja, kama inavyotakiwa.

Sasa jilinde dhidi ya swali la nyongeza. Kama kila CO ingekuwa na noboneni mbili, kipande kingekuwa C15H20O, masi 180 + 20 + 16 = 216, na oksijeni ingekuwa 16 ÷ 216 × 100 = 7.4% tu. Tofauti kati ya 13.1 na 7.4 ni kubwa mno kuweza kuitwa kosa la kipimo. Hata hivyo, kwa ukali wa hoja, uwiano wa moja kwa moja unaonyesha idadi tu, hauonyeshi mpangilio. Mnyororo wenye noboneni mbili kisha CO mbili ungetoa asilimia zile zile. Kinachoufuta mpangilio huo ni ile sababu ya kwanza: CO haifuati CO. Mtahiniwa anayeongeza sentensi hiyo ameonyesha kwamba anafikiri.

Jaribu pia hii. Mwanafunzi anataka gramu 6.1 za polima hiyo. Anahitaji ujazo gani wa CO katika hali sanifu, na noboneni gramu ngapi, ikiwa zote zinatumika? Masi ya C8H10O ni 96 + 10 + 16 = 122. Moli za vipande ni 6.1 ÷ 122 = 0.05. Kila kipande kinahitaji CO moja, hivyo 0.05 × 22.4 = 1.12 dm³. Noboneni ni 0.05 × 94 = gramu 4.7. Hakiki: CO ni 0.05 × 28 = gramu 1.4, na 1.4 + 4.7 = 6.1. Katika upolimishaji wa nyongeza masi lazima ifunge namna hiyo. Isipofunga, rudi nyuma utafute kosa kabla ya kwenda swali jingine.

Na ukiambiwa mnyororo mmoja una masi ya 36,600, n ni 36,600 ÷ 122 = 300. Usisahau kwamba hizo ni monoma 600, kwa kuwa kila kipande kina mbili.

Noboneni moja, vichocheo tofauti

Noboneni ile ile ikipewa kichocheo cha aina nyingine, kwa mfano cha rutheniamu, hutoa polima tofauti kabisa. Hapo pete ndiyo inayofunguka, na bondi maradufu hubaki ndani ya mnyororo. CO haihusiki. Polima hiyo ya noboneni iliyofunguliwa ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1976. Kazi ya kueleza na kuendeleza vichocheo vya namna hiyo iliwapa Yves Chauvin, Robert Grubbs na Richard Schrock Tuzo ya Nobel ya mwaka 2005.

Swali la kujipima. Umepewa vichupa vitatu visivyo na lebo, kila kimoja kina polima iliyoyeyushwa. X ilitokana na noboneni na CO. Y ilitokana na noboneni peke yake kwa kufungua pete. Z ilitokana na CO na nobonadayini, C7H8, ambayo ni kama noboneni lakini ina bondi maradufu mbili, na moja tu ndiyo iliyotumika kujenga mnyororo. Utavitofautishaje?

Anza na bromini. Tone kwenye X: rangi ya kahawia haipotei haraka, kwa sababu bondi maradufu ya kaboni kwa kaboni imekwisha kutumika. (Bondi maradufu ya C=O ipo, lakini hiyo haipokei bromini kama alkeni inavyofanya.) Kwenye Y na Z rangi hupotea. X imejulikana. Kutenganisha Y na Z pima oksijeni: Y ni haidrokaboni tupu, haina oksijeni hata kidogo. Z ina C8H8O kwa kila kipande, masi 120, na oksijeni ni 16 ÷ 120 × 100 = 13.3%.